Wakaguzi wa Pengo

Ya nchi ya Pengoni nitayasema kama yalivyo, na mwenye kutaka chumvi akaitie nyumbani kwake. Jinsi Leokadia alivyofika huko sitaieleza. Safari ni vumbi na kusubiri, na nyote mmewahi kusafiri. La maana ni kilichompeleka.

Leokadia Ngonyani alikuwa msomaji wa wasifu wa marehemu. Katika mji wao mtu akifa, kabla hata jeneza halijachaguliwa, kamati ya mazishi ilikuwa inaulizana, "Leokadia mmeshampata?" Alikuwa na sauti nzuri, nzito kidogo, na kalamu iliyojua kuvisha maiti nguo za sikukuu. Mlevi aliyekesha vilabuni akawa "mpenda watu." Mgomvi akawa "mtu wa msimamo." Diwani aliyekula saruji ya zahanati akawa "mwanamaendeleo," na wale waliokosa zahanati wakafutia machozi fulana zenye picha yake. Msidhani alikuwa mnafiki. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba msibani si mahali pa kupimana, na kwamba kilemba cha ukoka hakimdhuru aliyekwisha kulala.

Kisha akafa mama yake, Apolonia, na kalamu ikakauka. Siku ya mazishi alisoma mtu mwingine, yeye akasingizia kwikwi, na watu wakaelewa. Lakini sasa kaburi lilikuwa limejengwa na vigae vyeupe vimebandikwa, limebaki bamba la maandishi tu, na misa ya kumbukumbu ilikuwa inakaribia. Baba yake mdogo, Gervas, mwenyekiti wa kamati ya kaburi, alikuwa anampigia simu kila asubuhi.

"Mwanangu, umewaandikia hata watu usiowajua. Mama yako ndiye abaki na bamba tupu? Watu watasemaje?"

Watu hawakumtisha. Kilichomtisha ni kwamba kila alipoketi kuandika, mama aliyetokea kwenye karatasi alikuwa mama wa mtu yeyote: mpole, mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu. Maneno hayo hayo alishawapa wanawake wengi, wengine akiwa hawajui hata sura. Alijiambia kwamba akikosa neno la mama yake mwenyewe, atakuwa amempoteza mara mbili, na mara ya pili ni kwa mkono wake. Ndiyo maana aliposikia kuna nchi iliyosifika kwa makaburi yake, hakungoja kuambiwa mara mbili.

Mpakani mwa Pengoni hawaulizi pasi. Wanauliza sifa. Afisa aliyempokea alikuwa mwanamume mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Dunda. Kifuani alikuwa ameshonewa cheo chake: Mkaguzi wa Pengo.

"Karibu sana, mama yangu. Pole na safari. Umebeba sifa yoyote?"

"Sifa?"

"Zako, za ndugu, za viongozi. Hasa za marehemu. Hizo ndizo zinazoingizwa kwa wingi."

Leokadia akatoa karatasi aliyoanza kumwandikia mama yake. Dunda aliisoma kwa adabu, akachukua mkasi, akaanza kukata. Aliondoa upole, akaondoa ucheshi, akaondoa uchapakazi. Penye ucha Mungu alisita, akamtazama usoni kana kwamba anamwomba radhi, kisha akakata na huo. Alipomrudishia, karatasi ilikuwa utepe mwembamba wenye maneno matatu: *Apolonia Ngonyani alikuwa.*

"Hapo pazuri pa kuanzia," alisema Dunda, na hakukuwa na kebehi katika sauti yake. "Twende, nami naelekea mjini. Leo kuna kikao."

Njiani Leokadia alimwuliza sababu ya ukatili ule.

"Sheria yetu ni fupi," akajibu Dunda. "Mtu akifa, kaburi lake linanyamaza kwanza. Hatuandiki, hatuimbi, hatuchori. Tunakaa, tunaishi, tunasubiri tuone nini kimesimama. Kitu gani kilikuwa kinaendelea hapa duniani kwa sababu yake, na sasa hakiendelei tena. Tukishakiona, hicho ndicho tunachokiweka. Si alivyokuwa mtu. Ni pale asipokuwepo."

"Na asipoacha pengo?"

Dunda alicheka. "Miaka yangu yote ya kazi sijampata wa hivyo. Ila wapo ambao pengo lao liko mbali sana na lile ndugu wanaloonyesha."

Hapa lazima niseme wazi kwamba mimi msimuliaji naipenda nchi hii, na kama kuna mahali sauti yangu inanisaliti, ni hapa. Maana Leokadia alipofika mjini aliona mambo ambayo sisi, pamoja na misalaba yetu ya kung'aa na mabango yetu, hatujayafikiria.

Bendi ilikuwa inapiga uwanjani. Wimbo ulikuwa wa furaha, watu wakichezesha mabega, mara katikati ya ubeti zeze likakosekana. Ngoma iliendelea, filimbi ikaendelea, lakini pale ambapo zeze lilipaswa kujibu, hakuna aliyejibu. Watu wote uwanjani wakainamisha vichwa upande mmoja, wakasikiliza pale patupu, kisha wakaendelea kucheza. Mpiga zeze mwenyewe alikuwa amekufa zamani, tena wapo wengi wanaoweza kulipiga kipande kile. Hakuna anayethubutu. Wageni wakisikia wimbo ule wanauliza nani amekosea, na wanaambiwa, hakuna aliyekosea, huyo ni Mahundi.

Ukutani mwa soko kulikuwa na picha ndefu ya watu wa mji wakiwa kazini. Leokadia alidhani imeharibika, kwa kuwa ilikuwa na madoa meupe hapa na pale. Aliposogea akaona mwanamke ameshika ncha mbili za mkeka anaoukung'uta, na upande wa pili wa mkeka umening'inia hewani, umenyooka kabisa, bila mkono. Wachoraji wa Pengoni hawamchori aliyekufa. Wanamkwangua kutoka ukutani, taratibu, kwa kisu, wakiacha kila alichokuwa amekishika kikiwa palepale. Leokadia alisimama mbele ya mkeka ule akamwonea huruma yule mwanamke aliyebaki kuliko alivyowahi kumwonea mfiwa yeyote aliyemsomea wasifu.

Na katika nyumba ya sala, baada ya dua, waumini waliitikia amina kwa pamoja kisha wakabaki wamesimama. Wakangoja kidogo. Ndipo wakaketi. Dunda alimnong'oneza kwamba palikuwa na mzee mmoja mzito wa kusikia, aliyekuwa akiitikia amina yake peke yake wenzake wakishamaliza. Wapo pale waliozaliwa baada ya mzee huyo kufa, na wanangoja vilevile.

Sasa, msidhani ni nchi ya malaika. Nyumba hizo tatu, ya muziki, ya picha na ya sala, zinagombana kama wake wenza juu ya nani mwenye kumbukumbu ya kweli. Leokadia aliwakuta wamewasha moto wa ubishi uwanjani kabla ya kikao. Kiongozi wa wanamuziki alikuwa anasema pengo lisilosikika halimgusi mtu. Mchoraji akajibu kwamba ukimya hupita na upepo, lakini ukuta unabaki, hata mgeni wa kesho ataona. Mwenye kuongoza sala aliwaacha wachoke, halafu akasema, "Ninyi mnawaonyesha walio hai. Sisi tunamkumbusha Mungu kwamba hesabu yetu haijatimia." Wakamzomea wote wawili. Mjadala huo una umri mkubwa kuliko mji wenyewe, na kuna sheria inayokataza usifike mwisho, kwa hofu kwamba atakayeshinda ataanza kujiandikia sifa.

Kikao kilifunguliwa kwa shauri la marehemu Kisusi, aliyekuwa Mkuu wa Maghala. Familia yake ilikuja imejipanga, mtoto mkubwa mbele, koo limesafishwa.

"Waheshimiwa wakaguzi," alianza, "tangu baba aondoke, ghala kuu la nchi halijafunguliwa. Nafaka inaozea ndani. Watu wanazunguka na vikapu vitupu. Kama kuna pengo kubwa kuliko hilo katika nchi hii, na lionyeshwe."

Watu wakatikisa vichwa. Leokadia naye alitikisa, maana kwao hotuba ya namna hiyo ingetosha kupewa jina la barabara.

"Ufunguo uko wapi?" Dunda akauliza.

"Hakuna anayejua. Baba alikuwa anauhifadhi mwenyewe."

"Na kazi yake alimfundisha nani?"

"Hakumwona anayefaa."

Dunda akavua miwani, akaifuta kwenye shati. "Kijana wangu, pole kwa msiba. Lakini hilo si pengo. Hilo ni kufuli."

Ukumbi ukaguna. Huko Pengoni kuna kosa linaloitwa kujifanya wa lazima, nalo linachukiwa kuliko wizi. Mwizi, wanasema, anachukua kitu chako, lakini huyu anaichukua kesho yako ili siku akifa mlie. Ingekuwa kwetu, nusu ya ofisi zingefungwa siku hiyohiyo kwa kukosa watumishi wasio na hatia. Adhabu yake ni kaburi kubaki kimya, na familia ya Kisusi walipoisikia waliangua kilio, safari hii cha kweli.

Ndipo jirani mmoja akanyoosha mkono huku akiona haya.

"Mimi ninalo neno, ila ni dogo. Marehemu alikuwa anaimba bafuni alfajiri. Mungu anisamehe, alikuwa anaimba vibaya. Anapanda, anapanda, akifika juu sauti inampasuka. Nilimlaani siku nyingi. Tangu afe, ninachelewa kuamka. Nimeshagombezwa kazini."

"Mliochelewa mko wangapi?" akauliza Dunda.

Mikono ikainuka mtaa mzima wa Kisusi. Watu wakacheka, na mjane wa marehemu akacheka pia, uso ameuficha kwenye upande wa kanga, mabega yanamtetemeka. Wanamuziki wakaitwa mbele wakafundishwa na jirani yule namna sauti ilivyokuwa inapanda na mahali ilipokuwa inapasukia. Iliamuliwa kwamba bendi itapanda hadi hapohapo, kisha inyamaze. Kuhusu ghala, waliamua kuvunja mlango.

Leokadia alijua zamu yake imefika kabla hata Dunda hajageuka.

"Tuna mgeni," alisema Dunda. "Ana mama."

Akasimama. Na kwa kuwa mwili wake ulikuwa umezoea kusimama mbele ya waombolezaji, ulifanya wenyewe kile ulichojua. Mikono ikakutana mbele, kichwa kikainuka, sauti ikatoka nzito na nzuri. Akasema mama Apolonia alikuwa taa ya ukoo. Akasema alikuwa nguzo, mlezi wa yatima na wasio yatima, mkono wake haukujua kufumba. Mkasi wa mpakani ulikuwa umekata karatasi tu, kumbe kichwani bado alikuwa na ghala zima. Alisema mpaka akajisikia vizuri, akamaliza kwa kushusha sauti pale watu wa kwao walipokuwa wakianzia kulia.

Hakuna aliyelia. Walimtazama kwa wema, kama watu wanaomsubiri mgeni apate neno la lugha yao. Dunda akainama mbele.

"Asante, mama. Huyo uliyekuwa unamsema ni nani?"

Damu ikampanda Leokadia usoni. "Usiniulize hivyo!" alisema kwa ukali ambao hata yeye ulimshtua. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo ila..."

Akakatika. Watu wa Pengoni, ambao kazi yao ni kusikiliza mahali palipokatika, wakainamisha vichwa vyote upande mmoja.

"Ila yeye," akasema Leokadia.

Kisha yakatoka, tena si kwa ile sauti nzuri. Alisema kwamba kila aliporudi kutoka msibani alimkuta mama yake jikoni, anachekecha unga au anachambua mboga, amekwisha kuvua nguo za msiba maana alitangulia kurudi. Alikuwepo msibani. Alikaa mkekani na wenzake, akasikia wasifu wote kwa masikio yake. Na bado, Leokadia akiingia tu na sifa za watu zikiwa bado zinamwasha masikioni, mama alikuwa anamwuliza bila kuinua uso: *Leo ulikuwa unamsema nani?*

"Iliniudhi," alisema Leokadia. "Siku nyingine nilimjibu vibaya. Siku nyingine nilimtajia jina la marehemu, naye akaguna tu, akanipakulia chakula. Lakini nikiandika unaofuata, nilikuwa nafuta mstari mmoja au miwili. Sikujua kwamba ninafuta kwa ajili yake."

"Na sasa?" akauliza Dunda, polepole.

"Sasa sifuti kitu. Tangu afe, wasifu wangu umerefuka. Wa juzi ilibidi wabadilishe betri za kipaza sauti katikati."

Watu walicheka, na yeye alikuwa analia, akaacha machozi yatelemke bila kuyafuta. Alimlilia mama yake pale, katika nchi ya watu, kwa mara ya kwanza akiwa anamlilia yeye na si mwanamke mwingine yeyote. Alikuwa amemwona: mikono yenye unga, uso ulioinamia ungo, guno lile. Nyumba tatu zilianza kugombania pengo lake palepale. Dunda akazinyamazisha.

"Hili si letu," akasema. "Pengo linawekwa mahali lilipo. Nenda nalo kwenu, mama yangu."

Siku ya misa ya kumbukumbu, baba mdogo Gervas alilifunua bamba mbele ya ukoo na majirani, akasoma jina, akasoma tarehe, kisha akasita.

"Leokadia," alinong'ona, "fundi amekosea. Ameandika swali."

"Hajakosea, baba."

"Watu wamekuja kusoma sifa za shemeji yangu, wewe unawauliza leo walikuwa wanamsema nani?"

Majirani walipita mmoja mmoja mbele ya kaburi, na kila aliyesoma alipunguza mwendo. Mama mmoja aliyekuwa ananong'ona na mwenzake tangu kanisani alinyamaza ghafla akashika njia. Gervas mwenyewe alilisoma tena kimoyomoyo, akakohoa, na hotuba aliyokuwa nayo mfukoni haikutoka siku ile. Waliomjua Apolonia walitabasamu kwa kuwa walimsikia.

Haukupita muda akafa Zabroni, fundi baiskeli wa stendi, na watoto wake wakaja kwa Leokadia na cheo walichomtungia baba yao: mhandisi na mshauri wa vijana. Akaandika. Mkono wake ulikuwa bado mwepesi, ukajaza kurasa. Lakini kabla ya kwenda msibani akapitia makaburini, akasimama mbele ya vigae vyeupe, akasoma swali, kisha akaketi pembeni ya kaburi akaanza kufuta. Alifuta mhandisi. Alifuta mshauri wa vijana. Alifuta taa na nguzo. Ilimuuma, maana mistari mingine ilikuwa mizuri kweli, na pale penye nguzo alibishana na kaburi kwa sauti kabla ya kukubali.

Alichosoma msibani kilikuwa kifupi hata kamati ikadhani karatasi nyingine zimepotea. Alisema Zabroni alikuwa anakurudishia baiskeli akiwa amekaza na kitu ambacho hukumwomba akikaze, kisha anakugombeza kwa ulivyoitesa. Alisema tangu Zabroni alale, baiskeli za mji ule zinapiga kelele. Watoto wa marehemu walinuna. Lakini mjane, aliyekuwa amejiinamia tangu asubuhi bila kunena, aliinua uso akamtafuta msomaji kwa macho.

"Ndiye," alisema mjane. "Jamani, ndiye huyohuyo."

Leokadia hakungoja chakula cha msibani. Alitoka akaenda nyumbani haraka, karibu anakimbia, viatu mkononi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu aianze kazi hiyo alikuwa na jibu. Akasukuma mlango wa jikoni. Ungo ulikuwa umening'inizwa ukutani, meza imefutwa, na hakuna aliyemwuliza kitu. Akasimama pale mlangoni mpaka pumzi zikatulia.

"Leo nilikuwa namsema Zabroni, mama," akasema. "Yeye mwenyewe."